Bolti Kwenye Mpira wa Breki

Mimi ni fundi wa magari, Mkenya, na gereji yangu iko hapa ugenini Ntinda miaka kumi na mmoja sasa. Ni mwepesi wa hasira na mdomo wangu haupumziki, waulize wateja. Lakini hili nimelinyamazia karibu mwaka mzima, nalo limenitafuna vibaya.

Alikuja mama mmoja wa Kikongo, mjane wa miaka sitini hivi, muuza vitenge. Gari lake lilikuwa kuukuu kweli kweli, na alijifunza kuendesha uzeeni, watoto wake wakipinga. “Binti yangu anasema mimi ni muzee,” aliniambia, “lakini hii miguu inajua kazi.” Alivyolipenda gari lile, jamani! Vumbi alilifuta kwa kitenge alichojifunga.

Shida yake ilikuwa hii: gari likisimama huku injini inawaka, linatetemeka kama mtu mwenye malaria, na kwenye foleni linazima kabisa. Mafundi wawili wa jirani walishabadilisha plagi, wakasafisha kabureta, wapi! Mimi niliinama nikasikiliza. Kila mama alipokanyaga breki nilisikia shhh nyuma ya pedali, na injini ikazidi kutetemeka. Nikamwambia azime, akanyage breki mara tano mpaka pedali iwe ngumu, asiiachie, halafu awashe. Pedali ilitakiwa ishuke kidogo. Haikushuka hata kidole. Basi nikajua ni busta, lile dude la duara kama sufuria linalotumia mvuto wa hewa wa injini kuusaidia mguu kwenye breki. Mpira wa ndani ulikuwa umepasuka, na injini ilikuwa inavuta hewa isiyo yake.

Ili kuhakikisha, nilichomoa mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye busta, nikauziba kwa bolti. Injini ikatulia tuli. Sasa fundi mwenye akili zake angesema: mama, shida nimeiona, gari lilale hapa nikutafutie busta nyingine.

Lakini wale mafundi wawili walikuwa wamesimama pale wananiangalia, mikono kiunoni. “Imepona?” mama akauliza. Kiburi kikanipanda. “Imepona, mama!” Akacheza pale pale kwenye mafuta machafu. “Aksanti, mtoto wangu, aksanti!” Boneti niliifunga kwa mkono wangu mwenyewe. Akaondoka na mafurushi yake kwenda Luzira.

Ningependa kusema nilisahau ile bolti. Hapana, nisijitetee. Niliikumbuka mara tu alipotoka getini. Mpira ukizibwa, breki zipo, lakini zinataka mguu wa kijana mwenye nguvu, tena akanyage kwelikweli. Nikajiambia, huyu mama huendesha polepole, Jumatatu nitamwita. Kumrudisha mbele ya wale wawili ingekuwa aibu. Niliogopa aibu ya dakika mbili, basi.

Haikupita saa moja akanipigia simu analia. Kwenye mteremko wa Luzira gari lilimshinda, likaingia mtaroni na kugonga ukuta. “Nilikanyaga, nikakanyaga na miguu yote mbili, motoka inakataa. Mguu yangu imekufa, mtoto wangu.”

Nilifika kwa bodaboda. Watu walikuwa wamemzunguka, bambi, bambi, wanamhurumia, mkono wake umevunjika kifundoni. Unajua nilichofanya kwanza? Kabla hata ya kumpa pole, nilifungua boneti, nikachomoa bolti, nikarudisha mpira mahali pake. Bolti nikaitia mfukoni. Halafu ndipo nikapiga magoti kando yake nikamshika mkono ule mzima. Haki ya Mungu, mtu wa namna gani hufanya hivyo?

Nilimfungia busta nyingine bila kumwambia, nikamnyooshea bodi, nikakataa malipo. Yeye akaona ni upole! Akanitaja kanisani kwao, wakaniombea. Wakongo wakaanza kuniletea magari yao kwa sababu ya roho yangu nzuri. Loo, roho nzuri!

Mkono wake ulipona, lakini gari hakuligusa tena. Aliliacha uani chini ya turubai. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta anauchua ule mguu wa kulia kwa dawa ya mafuta. Hospitali waliuangalia, wakasema hauna kitu, yeye akawaona hawajui kazi. Akaanza kutembea na mkongojo. Mguu mzima, jamani, mkongojo! Kwenda Luzira kuuza vitenge akaacha. Kila mara nilikusudia kumwambia, nikaishia kumuuliza habari za wajukuu.

Mwezi uliopita akanipigia. Nimtafutie mtu wa kulinunua gari. “Hii mguu haitarudi,” akasema, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyekwisha kuzoea. Hapo nikashindwa. Nikafunga gereji mchana kweupe, nikaenda kwake. Sikukaa. Nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni: mpira, bolti, nilivyomdanganya kuwa gari limepona, nilivyoitoa ile bolti mbele ya macho yake.

Nilingoja anilaani. Badala yake akauliza, “Basi mguu yangu ni muzima?”

“Ni mzima, mama. Haukuwahi kuwa na shida.”

Akainuka bila mkongojo. Akapiga sakafu kwa ule mguu, mara moja, mara ya pili, anacheka machozi yanamtoka. Akachukua simu akampigia binti yake. “Sikia! Mguu yangu ni muzima! Muzima! Ilikuwa fundi!” Sijawahi kujiona mdogo kama nilivyojiona mbele ya furaha ile. Heri angenipiga kofi.

Halafu kicheko kikaisha. Akanigeukia, simu bado sikioni. “Ulijua lini kama breki itakataa?”

Ningeweza kusema nilijua baada ya ajali. Angeamini, aliniamini kwa kila kitu.

“Siku ile ile, mama. Kabla hujafika Luzira.”

Binti alikuwa bado anaongea kwenye simu, anauliza kuna nini. Mama akaikata.

“Na namba yangu ulikuwa nayo?”

“Nilikuwa nayo, mama.”