Mbwa Aliyenyimwa Kazi

Mpaka leo, mtu akisema mbele yangu kwamba mbwa wetu alikuwa na kichaa, namkatisha hapohapo. Kichaa kilitoka wapi? Mbwa alikuwa hana kazi, basi. Na aliyemnyima kazi ni kaka yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa baba yetu, mtu ambaye nimefundishwa tangu utotoni nisimpandishie sauti.

Mbwa huyo alikuwa wa baba. Kule kijijini kwetu Mgori alikuwa anatoka asubuhi nyuma ya ng'ombe na kurudi nao jioni, ulimi nje, manyoya yamejaa miiba. Anakunywa mabaki ya maziwa, analala mlangoni. Mama alipofariki, kaka aliamua kuwa mzee hawezi kubaki peke yake. Ng'ombe wakakabidhiwa kwa ndugu, baba akaletwa Singida mjini kwenye nyumba ya kaka, ambako mimi nilikuwa nimeshapewa chumba cha uani na cherehani yangu. Baba alisema haji bila mbwa wake. Kaka akakubali haraka, maana wezi walikuwa wamemsumbua.

Sasa sikia alichofanya. Alijenga kibanda cha mbao na bati, hakina hata dirisha, akamfungia mbwa humo kutwa nzima. Mtaa wote wanafanya hivyo. Wanaamini mbwa akizoea watu na mwanga anakuwa mpole, kwa hiyo anawekwa gizani mchana ili usiku atoke mkali. Kaka aliniagiza hata nimtilie pilipili kichaa kwenye ugali. Jamani! Nilimjibu, "Sawa, kaka," nikaenda kuitupa chooni.

Bati lile mchana huwezi kuliwekea kiganja. Mimi nashona, nyuma ya ukuta namsikia anakwaruza, anatafuna mbao, analia, ananyamaza, anaanza tena. Jioni namwambia kaka kuwa mbwa anateseka. Ananijibu, "Si ndiyo vizuri? Anajenga ukali." Na baba naye yuko kwenye kiti chake kando ya mlango, amevalishwa shati safi, kazi yake kupumzika. "Pumzika mzee, umehangaika sana," kaka anamwambia kila akipita. Baba hakuwahi kusema amechoka. Alikuwa anakaa tu, anasugua visigino kwenye vumbi.

Nikasema liwalo na liwe. Kaka akienda kazini, nafungua kibanda. Mara ya kwanza mbwa alivuruga uani pote, akachana kitenge cha mteja, akapindua beseni la nguo. Nilitaka kulia. Baba akacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba. "Mpe kitu cha kutafuta," akasema.

Nikamwaga kiroba cha magunzi ya mahindi uani, nikafukia vichwa vya dagaa humo katikati. Weee! Mbwa aliyapekua yale magunzi moja moja, pua inafanya kazi, mkia umesimama. Siku nyingine nilitoboa dumu bovu, nikatia vipande vya ugali mkavu, akawa analisukuma huku na huku mpaka vidondoke. Baba akaanza kuficha kandambili yangu na kumtuma akaitafute, mimi niko kwenye cherehani na mguu mmoja peku. Baadaye wakawa wanatoka wawili asubuhi mpaka ziwa Kindai. Niliwafuata siku moja nikaona. Baba anapiga mluzi, mbwa analala chini. Mluzi mwingine, mbwa anazunguka kwa mbali upande wa kushoto. Walikuwa wanachunga ng'ombe wasiokuwepo. Wakirudi, mbwa analala kimya kabisa, na baba anamaliza ugali wake wote.

Watu wakampelekea kaka habari. Akarudi amefura.

"Mzee anazurura na mbwa kama mtu asiye na watoto! Unataka mtaa unicheke?"

Alinunua kufuli jipya, ufunguo akawa anaondoka nao mfukoni. Baba akaambiwa asitoke getini bila kuaga. Baba yangu mimi! Mtu aliyelisha boma zima la ng'ombe, leo aombe ruhusa ya kwenda kuangalia maji. Nilimwambia kaka kuwa mbwa atafia humo ndani. Akasema, "Akifa tutaleta mwingine." Nilikuwa napitisha chakula na maji kwenye upenyo chini ya mlango, na nilikuwa na hasira mpaka cherehani ikanitoboa kidole.

Alasiri moja nikasikia mbuzi wanalia uani kwetu. Sisi hatufugi mbuzi. Natoka, nakuta mbuzi wa mtaa mzima wamebanana kwenye kona, na mbwa amelala getini, ulimi nje, anamtazama baba kama anayeuliza zizi liko wapi. Chini ya kibanda kulikuwa na shimo jipya. Geti nilikuwa nimeliacha wazi kwa ajili ya wateja.

Wenye mbuzi walifika na fimbo, kaka nyuma yao ndiyo anatoka kazini. Mama mmoja jirani, aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote, akawakagua mbuzi wake shingo mpaka kwato. Hakukuwa na hata mmoja aliyeng'atwa. Lakini kaka alikuwa ameshaaibika mbele za watu. Akatoa simu, akampigia mtu mwenye bunduki anayeua mbwa wa mitaani. "Njoo leo leo," akamwambia.

Hapo nikapasuka.

"Kaka, huna haya! Umemtoa kwenye kazi yake, umemtia kwenye sanduku, sasa unamuua kwa sababu ameikumbuka!"

Mdogo hamfokei mkubwa hivyo, tena mwanamke, tena mbele ya baba. Baba akasimama kutoka kwenye kiti. Hakumtazama kaka, alimgeukia yule jirani.

"Mama, mbuzi wako wana njaa. Jua bado lipo. Niwapeleke wakale kidogo?"

Yule mama akamwangalia mbwa, akamwangalia baba, halafu akamkabidhi fimbo yake. "Wapeleke, mzee wangu. Kwangu hakuna wa kuwachunga." Wengine wakasogea pembeni. Baba akapiga mluzi, mbwa akainuka, na mbuzi wakatoka getini kwa utaratibu mpaka nikashangaa.

Watu walipoondoka nikaingia ndani nikachukua nyundo. Nilianza na mlango, nikaja kwenye bati la juu. Kaka akasimama nyuma yangu akauliza nani kaniruhusu. Nikaendelea kugonga. Mwanga ulipoingia ndani ya kibanda, nikamvuta mkono, nikamwonyesha. Mbao zilikuwa zimetafunwa hadi usawa wa kifua cha mbwa akisimama. Sakafuni palikuwa na njia ya duara, imekanyagwa mpaka imekuwa ngumu kama kiwanja.

"Alikuwa anazunguka humu?" akauliza.

"Kutwa. Sasa njoo uone na kwa baba."

Nikampeleka kwenye kile kiti. Mbele yake, chini, palikuwa na vishimo viwili vilivyochimbwa na visigino. Kaka akaviangalia. Kisha akakaa kwenye kiti, taratibu, na miguu yake ikaingia humo yenyewe. Akabaki ameinama.

Simu yake ikalia. Ni yule wa bunduki, amefika kwenye kona, anauliza nyumba ni ipi.

"Rudi," kaka akasema. "Hapa hakuna mbwa wa kuua."

Hakunitazama, na mimi sikumwambia asante. Lilikuwa limebaki bati moja, nikaenda kuling'oa.