Sufuria Mbili za Sabuni

Nakumbuka likizo moja, enzi za Mwingereza, nilirudi nyumbani Temeke nikiwa na kemia kidogo kichwani na kiburi tele kifuani. Shangazi Zuhura, aliyenilea, alikuwa akipika sabuni ya mafuta ya nazi kwa maji ya majivu ya makumbi ya nazi. Wiki ile sabuni ilikataa kushikana. Ilibaki uji.

Mwanangu, kijana aliyesoma kidogo hakosi maelezo. Nikaandika kwenye karatasi: kwanza maji huyavunja mafuta, polepole, ikatoka asidi, kisha asidi huungana na majivu, papo hapo ikawa sabuni. Nikajumlisha hatua zote mbili. Kushoto na kulia vikalingana. Nikatoa hukumu: "Shangazi, mafuta haya hayavunjiki. Bi Mwanaidi kayachanganya."

Bi Mwanaidi alikuwa mjane wa mtaa wa pili, akikamua nazi kwa mikono yake, akituuzia mafuta na kulea watoto wanne. Nami sikuishia kwa shangazi. Niliwaambia na majirani, na wawili wakaacha kununua kwake. Akaja mlangoni, akaniuliza, "Mwanangu, mie nimechanganya nini?" Nikamwonyesha karatasi. Hadi leo naona haya nikiyakumbuka macho yake.

Alipoondoka, shangazi akasema, "Hebu nisomee hiyo karatasi yako." Hakusoma kemia, lakini alipika sabuni tangu mie sijazaliwa. Nikamsomea.

"Kwa hiyo kazi ndefu ni ya maji na mafuta tu, majivu yanangoja?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi maji ya majivu yawe makali, yawe hafifu, muda ni ule ule?"

Nikasema ndiyo, kwa sauti iliyoanza kupungua.

Akayagawa mafuta yale yale ya Bi Mwanaidi katika sufuria mbili, moto sawa. Moja akaitia maji ya majivu niliyochuja mie wiki ile. Nyingine, aliyochuja mwenyewe kwa majivu mapya. Kabla ya adhuhuri, ile ya pili ilikuwa nzito, mwiko unaacha alama. Yangu bado uji.

Maelezo yangu yakafa pale pale. Majivu hayakuwa yakingoja. Ndiyo yaliyokuwa yakiyavunja mafuta. Na yangu yalikuwa hafifu kwa sababu, kwa uvivu, niliyamwagia maji mara ya pili majivu yaliyokwisha kuchujwa, jambo ambalo shangazi alinikataza. Nyani haoni kundule, mwanangu, hata akiwa na daftari.

"Hesabu yako imelingana," shangazi akasema, "lakini Kibamba watu hufika kwa njia nyingi. Kufika hakukwambii mtu kapita wapi. Sasa nenda kwa Bi Mwanaidi, kisha kwa kila uliyemwambia."

Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Bi Mwanaidi alinisamehe, Mungu amrehemu. Mnunuzi mmoja alimrudia. Wa pili hakurudi kamwe. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi mwanangu, ukibuni maelezo ya jambo, usiridhike kwa kuwa hesabu imekubali. Jiulize: kama ni hivi, ni kitu gani sina budi kukiona? Nenda ukakitafute. Ukikikosa, chana karatasi, tena uchane kabla hujataja jina la mtu. Mungu akupe akili ya kubuni na moyo wa kujikosoa, na siku utakapokosea, kosa lako lisimnyime mwenzio riziki yake. Amina.