Mtamba wangu na hela ya kwenye picha

Mpaka leo nikimuona yule ng'ombe wangu anakunywa maji, moyo unaruka. Wajukuu wananicheka: "Bibi, si anakunywa tu?" Ndiyo, anakunywa kwangu! Ilibaki kidogo akanywe kwa mwingine, tena nimempeleka mwenyewe, kwa kamba yangu.

Mimi nashona shanga kwenye vibuyu vya maziwa. Hapa Machochwe watalii wakitoka mbugani wananunua kimoja kimoja. Mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa mwisho, ndiye anaweka picha za vibuyu kwenye simu. Siku moja akaja mbio jikoni. "Mama, kuna mzungu huko ng'ambo anataka thelathini!"

Thelathini! Mwiko ukanidondokea kwenye ugali.

Tukapatana bei, tukampa namba ya akaunti yangu. Kesho yake mzungu akatuma picha ya karatasi ya benki, ina mhuri, ina jina langu lote. Mkamwana akasoma, akasoma tena. "Mama, kalipa karibu mara mbili. Anasema kakosea. Ziada tumtumie leo leo msafirishaji wake atakayekuja kuchukua vibuyu, namba ni ya hapa hapa Tanzania. Hela ya benki anasema itaonekana baada ya siku chache."

Nilishtuka! Hela ya mtu ikae kwangu? Nimelelewa na baba ambaye ng'ombe wa jirani akijichanganya na wa kwetu, hatuli mpaka arudishwe. Sasa mkononi sina kitu. Nina mtamba mmoja, ndiye huyo huyo, mimba yake ya kwanza. Nikasema tumuuze turudishe ya mtu, yetu ikiingia tutanunua mwingine.

Tukaenda mnadani. Akaja bwana mmoja wa kofia, tukaelewana bei vizuri, akabonyeza simu yake, akanionyesha.

"Bibi, tayari nimetuma. Ona."

"Naona simu yako. Yangu haijalia."

"Mtandao tu huo, itaingia. Lete kamba."

"Kamba haitoki! Unaniona mtoto wa juzi? Yangu ilie kwanza, halafu twende kwa wakala nihakikishe salio."

Kusikia wakala, bwana akakumbuka ana safari. Watu wakapiga makofi: "Huyo bibi hapigwi!" Na mimi nacheka, najisikia mtu kweli kweli. Nikamgeukia mkamwana tucheke wote. Hacheki. Kashika simu kama kashika kaa la moto.

"Mama," akasema polepole, "na ile ya mzungu tumeiona wapi?"

"Si kwenye picha?"

"Picha kaituma nani?"

Iyee! Nikakaa chini pale pale kwenye mavi ya ng'ombe, na gauni langu la mnadani. Yaani bwana wa kofia nimemkatalia, kasimama mbele yangu namuona kwa macho, halafu wa ng'ambo ambaye hata sura yake siijui nataka kuuza mtamba kwa ajili yake!

Tukamrudisha mtamba nyumbani. Asubuhi tukapanda gari hadi benki Mugumu. Binti wa dirishani akaniamkia, akaangalia akaunti. "Bibi, hakuna kilichoingia."

"Na huu mhuri?"

"Huo hata mimi naweza kuuchora." Akanielekeza taratibu: mteja wa nje akisema kalipa, njoo utuulize sisi kama imeingia na imekamilika, ndipo mzigo utoke. Ikizidi, benki iirudishe kwa njia ile ile iliyojia. Ukiona unaambiwa umtumie mtu mwingine kwa simu, jua unaibiwa.

Tunafika nyumbani, mzungu bado anatuma meseji, sasa mkali: ziada yake iko wapi, haraka, atatushtaki! Mkamwana anataka kumfungia asitupate tena.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Mpige picha huyu."

Mtamba akageuza kichwa, majani yananing'inia mdomoni.

"Haya mwandikie: ziada yako hii hapa, nimeshatuma. Mtandao tu unasumbua, itaingia."

Mkamwana alicheka mpaka akashika ukuta. Mzungu hakujibu tena. Sijui kama huko kwake iliingia. Huku kwangu mtamba amezaa, namkamua kila asubuhi.