Ndama Ndani ya Kitochi

Ilikuwa saa moja kamili asubuhi, mwanangu, wala si dakika moja pungufu, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyeipanga saa hiyo. Nakumbuka nimesimama kando ya josho la Malambo, mikono nyuma, nikisubiri kusifiwa. Mara simu za wafugaji wote zikalia kwa pamoja, na ng'ombe wakaja kuzipokea.

Acha nirudi nyuma kidogo, maana mzigo hufungwa kabla punda hajaondoka.

Siku hizo nilikuwa fundi simu mjini Karatu. Umri wangu haukuwa mdogo, ila akili ilikuwa bado inaota meno. Mambo ya kompyuta nilijifunza mwenyewe kwa kitabu kilichopoteza jalada na kurasa za mwanzo, ndiyo maana mpaka leo elimu yangu inaanzia sura ya tatu.

Nilivipenda vitochi, zile simu ndogo za vitufe. Unavicheka, najua, wewe uliyezaliwa ukipangusa kioo. Lakini kitochi nacho ni kompyuta: kina kumbukumbu, kinasoma programu, na anayejua anaweza kukiandikia kazi mpya. Kampuni iliyobuni mfumo wake ilikwisha kuutelekeza zamani. Sisi wachache tuliotawanyika duniani tulikataa kuuzika. Tulikuwa na kundi letu mtandaoni: mstaafu mmoja wa Poland tuliyemwita Babu, mwalimu wa kike wa Brazil, vijana wa huku na kule, na mimi. Hakuna aliyelipwa. Ukiandika programu unaiweka wazi, wenzako wanaisoma, wanaikosoa, wanaitengeneza. Sheria ilikuwa moja, na Babu aliirudia kama sala: programu haitoki mpaka ijaribiwe pale itakapotumika.

Sasa huko Malambo kamati ya josho ilipata mwenyekiti mpya, kijana mchangamfu aitwaye Daudi, mwenye simu ya kupangusa. Akatangaza kwamba siku ya kuogesha mifugo itatajwa kwenye simu za namna hiyo tu. Asiye nayo ataikosa siku, na ng'ombe wake watakosa dawa. Hilo si jambo dogo, mwanangu. Kupe wa kule huleta ndigana, homa inayoua ng'ombe, na ndigana haibishi hodi.

Ndipo Mzee Lekishon akanijia dukani, kitochi chake kimefungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Fundi, simu kama ya Daudi bei gani?"

Nikamtajia.

"Inakaa siku ngapi bila chaji?"

"Moja, Baba. Ukiitazama sana, nusu."

"Kwangu hakuna umeme."

"Basi utahitaji na sola."

Tukapiga hesabu. Simu na sola, shilingi laki nne.

"Hiyo ni bei ya mtamba wangu," mzee akasema. "Ninaye mmoja tu. Maziwa ya kesho ya wajukuu wangu yako kwake."

Hapo kichwa kikanivimba. Nikamwambia asiuze, nitaandika programu ya kuwakumbusha watu siku ya josho kwenye vitochi vyao vilevile. Daudi naye akakubali kwa shingo upande. Ikifanya kazi mbele ya macho yake, vitochi vitabaki. Ikishindwa, kila mtu auze anachouza.

Nikaandika. Ujumbe wa maandishi wengi hawausomi, na wengine herufi hawazijui, kwa hiyo nilihitaji sauti. Nikajiuliza kwa utaratibu: ni sauti gani ambayo mfugaji hawezi kuipuuza? Jibu likaja lenyewe. Ndama anayelia. Nikaenda kwa jirani, nikamrekodi ndama wake mwenye njaa, nikaiweka sauti ile kwenye programu. Na ili mtu asiizime kwa usingizi, nikaamuru ilie bila kukoma mpaka abonyeze nyota, kisha sifuri.

Nikaijaribu chumbani, mlango umefungwa.

"Baba Ema," mke wangu Paulina akaita kutoka jikoni, "mbona ndama analia chumbani?"

"Ni kazi."

"Na ng'ombe wa jirani mbona ameingiza kichwa dirishani?"

"Anatafuta mabua."

Nikamfukuza ng'ombe kwa ufagio. Mabua yalikuwa upande wa pili wa nyumba. Kisha nikaliandikia kundi: imejaribiwa. Babu akauliza, imejaribiwa wapi? Nikamjibu: Afrika.

Siku ya mnada wafugaji walipanda Karatu, nami nikaipachika programu kwenye simu zao, moja baada ya nyingine. Siku ya josho nikateremka Malambo kwa lori la mahindi. Nilikuta watu wote wamekwisha kufika tangu alfajiri. Waliwahi kwa sababu kila mmoja alitaka kuona kama programu itamkumbusha kuja.

Ng'ombe walikuwa wamepangwa kwenye uchochoro wa josho unaoingia dimbwi la maji ya dawa, mbele kabisa Nanyokie, ng'ombe mwekundu wa Mzee Lekishon, aliyezaa karibuni. Ndama, kama kawaida, walikuwa wameachwa bomani.

Saa moja kamili ndama wakalia. Walilia mifukoni, kwenye vikapu, ndani ya mashuka. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nanyokie akarudi kinyumenyume, akavunja uzio, akamfuata mzee na kuanza kumlamba kiunoni kilipokuwa kitochi.

"Ero! Wewe kijana!" mzee akanipigia kelele. "Mnyamazishe mwanao!"

"Bonyeza nyota, Baba, kisha sifuri!"

"Nyota iko wapi? Ng'ombe ameshailamba!"

Mama mmoja aliona heri aikalie simu yake. Ng'ombe wawili wakamsukuma kwa pua mpaka akainuka. Daudi akakimbilia katikati, simu yake juu, apige picha ya ushahidi. Simu ikazima, chaji ilikuwa imekwisha. Akiwa bado anaikodolea macho, ng'ombe akamkumba kwa nyuma kwa haraka ya mzazi, tukasikia maji yakipiga kishindo. Aliyeogeshwa wa kwanza siku ile alikuwa mwenyekiti. Alitokea upande wa pili amefumba macho, akitema dawa, ikabidi tummwagie maji safi mapipa mawili.

Mimi nilikaa juu ya jiwe. Rohoni nilikuwa nimekwisha kumuuza mtamba wa watu.

Mzee Lekishon hakukaa. Alichukua debe tupu, akapita kwa wenzake akikusanya simu zinazolia, akazitia mle ndani, akalizunguka josho na kulisimamisha debe kule ng'ombe wanakotokea wakishaoga. Debe likalia kama boma zima. Nanyokie akatazama ng'ambo ya maji. Akajitosa. Akaogelea, akatoka, akaliendea debe akichuruzika dawa. Aliyemfuata akajitosa, na wa nyuma yake, bila fimbo wala matusi. Kazi ambayo kila mara humaliza sauti za watu na nusu ya siku, ilikwisha kabla ya chai ya saa nne.

"Nilisema ifanye kazi mbele ya macho yangu," Daudi akasema, akitetemeka kwa baridi. "Nimeona. Hata nimeonja. Vitochi vibaki."

Nikaanza kutabasamu. Mzee akanishika bega.

"Uliijaribu na nani, hii kitu yako?"

"Mwenyewe, Baba."

"Wewe una masikio. Na huyu?" Akamshika Nanyokie sikio. "Huyu hukumuuliza."

"Leo tumemdanganya mama," akaendelea. "Nimemdanganya mimi, kwa sababu maji ulikuwa umeshayamwaga. Lakini akidanganywa tena na tena, siku mwanawe atakapolia kweli, hatakwenda. Itoe sauti hiyo."

"Niweke ipi?"

Akapiga mluzi, ule wa kuwaita ng'ombe kwenye maji. Nikaurekodi palepale.

Niliporudi nililiandikia kundi yote, pamoja na lile neno langu "Afrika". Babu hakunikaripia. Alisema tu kwamba kitufe cha kuzima sauti sasa ni chochote. Alikuwa amekwisha kurekebisha usiku uleule, na yule mwalimu wa Brazil alikuwa ameipitia kazi yake. Nasikia Babu, ambaye hajawahi kufuga hata kuku, mpaka leo huamshwa na mluzi wa Malambo.

Basi, mwanangu, lishike hili. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Usikitupe cha zamani kwa sababu tu wenye duka wamekichoka. Muulize kwanza anayekitumia ana umeme kiasi gani na mitamba mingapi. Lakini ukichagua kukitunza, kitunze kwa adabu. Kazi yako iweke wazi, wengine waione kasoro usiyoiona. Usiandike "imejaribiwa" wakati mlango wako ulikuwa umefungwa. Kuuliza si ujinga, na wa kuulizwa si yule anayelipa tu, wala anayeongea tu. Muulize kila atakayeisikia kazi yako, hata mwenye kwato. Na ng'ombe akiingiza kichwa dirishani, usikimbilie ufagio. Huenda amekuja kukukosoa.

Mungu akupe mikono yenye subira na masikio marefu kuliko ya punda. Akupe wenzako wa mbali wanaokesha kwa kosa lako bila kukucheka, na wazee wa karibu wanaokucheka kwanza, kisha wakakusaidia. Unachokitengeneza kidumu, na unachokiharibu kiwe chepesi kurekebishwa.

Mtamba wa Mzee Lekishon hakuuzwa, baadaye akazaa, na wajukuu wanakunywa maziwa yake. Laki nne zilizookoka, ukitoa elfu tatu nilizomnunulia Daudi sabuni, zinabaki shilingi laki tatu na tisini na saba elfu.