Jino la Kabula na Bakuli la Wadudu

Saa tatu kasorobo asubuhi, Romana Sikazwe anatoka nje ya chumba chake cha kutibia meno kwa mara ya nne, anakinga jua kwa kiganja na kuitazama barabara inayoingia mjini Mpanda kutoka Kibaoni. Lori halijaonekana. Anarudi ndani, anavipanga upya vijiko vyake vya kukwangulia meno, ambavyo vilikwisha kupangwa vizuri tangu alfajiri, kisha anatoka tena.

"Leo nina kiherehere kama bibi harusi," anasema, akicheka. "Hiyo usiiandike."

Imeandikwa. Na wala hakuna wa kumlaumu, kwa sababu leo ni siku ya kulifungua jino la Kabula, mgonjwa wake wa Usevya. Alilifunga kwa mikono yake Desemba mwaka jana, kabla mvua za Elnino hazijakata barabara, na kwa miezi sita hajui kinachoendelea humo ndani. Huenda jino li hai. Huenda lilikufa Februari, na leo atalazimika kulishika kwa koleo na kuling'oa. Huenda hata limekwisha kufunguliwa, maana Machi dereva wa lori moja lililofanikiwa kupenya alileta habari kutoka Usevya kwamba wakwe wa Kabula wanataka kulitoboa kwa sindano ili wadudu wapate pa kutokea.

Romana ana miaka thelathini na saba. Ni tabibu wa meno, ingawa Mpanda nzima humwita daktari, na wale ambao jino limewachachamalia humwita mama hata kama wamemzidi umri. Alizaliwa upande wa Ufipa, akafika hapa mwaka 1989 akiwa na cheti, makoleo matano na kiti cha mbao alichokichongesha kwa seremala ili kiegemee nyuma.

Kwa miaka minane kazi yake ilikuwa moja tu. Daftari lake la mwaka 1996 linaonyesha meno 611 yaliyong'olewa na 23 yaliyozibwa. Mashine ya kutoboa inataka umeme, na umeme wa hapa ni wa kubahatisha. Isitoshe, wagonjwa wenyewe hawakutaka habari za kurudi mara ya pili.

"Mtu ametoka Usevya, amekaa juu ya magunia ya mpunga siku nzima, vumbi mpaka kwenye kope," anasema. "Ukimwambia rudi baada ya miezi mitatu, anakuona umemtukana. Anakwambia ng'oa, niende zangu. Nilikuwa nang'oa meno mazima kabisa, yenye tundu tu, halafu nakwenda nyumbani roho inaniuma."

Mwaka jana alihudhuria semina ya wiki mbili na kurudi na makopo manne ya sementi ya meno, pamoja na njia ya kuziba isiyohitaji umeme. Uozo unakwanguliwa kwa vijiko vya mkono, unga wa sementi unachanganywa na majimaji yake, tundu linajazwa, kisha linakandamizwa kwa kidole kilichopakwa mafuta ya mgando. Mjini waliposikia neno sementi walimuuliza kama na kokoto anazo.

Romana aliipenda njia hiyo kupita kiasi. Alianza kuziba kila tundu lililokatiza mbele yake, na hapo ndipo alipokutana na Mustapha.

Mustapha ni mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Asubuhi hii yuko kwenye benchi la nje. Haumwi kitu, amekuja tu kwa sababu naye amesikia habari za jino la Kabula na hataki kusimuliwa. Mwaka jana alikuja na gego lililokuwa likimuuma usiku kucha bila kuguswa na kitu. Romana akaliziba vizuri, likang'aa. Siku ya tatu Mustapha alirudi amejifunga kilemba kichwani, mkono mmoja umeshika taya.

"Shavu lilikuwa andazi," anasema Mustapha, akilionyesha kwa mikono miwili. "Nilimwambia, daktari, umenizibia nini humu, bomu?"

Romana hajitetei. "Nililiziba jino lililokwisha kufa. Mshipa wake ulikuwa umeoza, mimi nikafungia usaha ndani. Kosa lilikuwa langu, na jino akalipoteza. Semina walitufundisha, ila mimi nilikuwa na haraka ya kuziba."

Tangu siku hiyo, kabla hajagusa kijiko, Romana huuliza swali moja: linauma lenyewe, au linauma ukila? Linalouma kwa maji ya baridi au kitu kitamu na kutulia bado lina uhai wa kuokolewa. Linalouma lenyewe, usiku, bila kuchokozwa, huwa limeshavuka mto. Halafu anatazama kuta. Zikiwa zimesimama, sementi ina pa kushika. Zikiwa zimebomoka, utajaza leo na kesho mtu atakitema kipande kwenye ugali.

Desemba Kabula alijibu swali hilo vizuri. Ni mama wa watoto wawili, ana miaka ishirini na minne, na alifika Usevya akiwa mdogo, familia yake ilipohama na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga. Magego mengine yote ya chini yalikwisha kung'olewa, na hili la kulia ndilo pekee lililobaki la kutafunia. Tundu lake lilikuwa kubwa hivi kwamba punje ya hindi ingekaa humo bila kubanwa. Hata hivyo kuta zote nne zilikuwa zimesimama, na lilikuwa likiuma kwa maji ya baridi tu.

"Alikuja aling'oe," anasema Romana. "Nikamwambia, ukiling'oa hili utakula uji mpaka uzeeke. Akaniuliza, sasa michembe, viazi vyetu vya kukausha, nitaila na nini?"

Shida ilikuwa chini ya tundu. Uozo ulikuwa umekaribia mshipa, na kukwangua wote kungeufungua. Romana alisafisha kuta mpaka zikawa ngumu, akaacha kwa makusudi uozo kidogo mahali pa hatari, akaufunika kwa sementi. Uozo uliofungiwa hivyo hukosa chakula, na jino lenye uhai hupata muda wa kujijengea ukuta wake upande wa mshipa. Baada ya miezi kadhaa linafunguliwa, linamaliziwa. Hajawahi kuifanya kazi hiyo mpaka mwisho, kwa sababu wagonjwa saba aliowafungia kabla ya Kabula hawakurudi. Maumivu yaliisha, na wao wakaishia hukohuko.

Saa nne na dakika ishirini lori linaingia, limechelewa kwa pancha mbili. Mustapha ndiye anayeliona kwanza.

"Daktari! Wamekuja! Wako wawili!"

Kabula anashuka kwanza, kisha anampokea mama mmoja wa makamo, mrefu, aliyejifunga kitambaa kichwani mpaka kidevuni, mkononi ana bakuli jeupe la bati. Huyo ni Mama Manyanda, mama mkwe wake. Hasalimii kwanza. Anaingia moja kwa moja, anaomba maji, analijaza bakuli nusu na kuliweka juu ya meza ya Romana, katikati ya vijiko.

"La nini, mama?" anauliza Romana.

"La kukingia wadudu. Nataka niwaone leo. Wadudu wenu nyie wamehamia kwangu."

Kabula anatazama chini. Inamlazimu aeleze, na anaeleza kwa sauti ndogo. Machi, ukoo ulipoamua kumtoboa, aliona hana pa kukimbilia. Akawaambia kuwa daktari ameonya: wadudu wakitolewa na mtu asiye daktari, wanamrukia yuleyule aliyewatoa. Hakuna aliyethubutu tena kusogea.

Romana anashika mdomo kuzuia kicheko. Hakuwahi kusema neno kama hilo maishani mwake.

"Unanicheka?" anasema Mama Manyanda. Kisha hasira yenyewe inamponyoka na siri pamoja nayo. "Mimi nililigusa. Mara moja tu, kwa sindano ya kushonea magunia, mchana, huyu amelala. Sindano ikateleza. Mwezi wa nne jino langu likaanza. Sasa wametoka wapi kama si kwake?"

"Mayu! Mama!" Kabula anaruka. "Ulinitoboa?"

"Nilikugusa. Sikukutoboa."

Nje ya dirisha Mustapha ameinama, mabega yanatikisika kwa kicheko. Lakini Romana hacheki tena. Amesikia sindano tu. Anamkalisha Kabula kwenye kiti cha mbao, anakigeuzia dirishani na kushika kioo chake kidogo.

Sementi ipo. Pembeni imelika kidogo, na juu yake kuna mkwaruzo mwembamba, kazi ya mama mkwe. Haikupasuka. Romana anapumua, kisha anaanza kuibandua kwa patasi ndogo, kidogo kidogo, Mama Manyanda akiwa amesimama nyuma ya bega lake na bakuli mkononi.

Kipande cha mwisho kinatoka, na Romana anashusha kijiko mpaka chini kabisa, mahali ambapo Desemba kilizama kama kwenye matope. Sasa kinakwaruza. Sauti yake inasikika mpaka dirishani: kwaru, kwaru, kwaru.

"Mnasikia?" anasema Romana, na sauti yake imepanda. "Mnasikia hiyo? Ni pakavu! Pamekuwa pagumu!"

Bado haamini. Anachovya pamba kwenye maji ya mtungini na kudondosha tone moja tu juu ya jino. Kabula anaruka kitini na kupiga ukelele.

"Limeshtuka!" Romana naye anaruka. "Li hai! Jino li hai, jamani!" Anaweka kioo chini na kupiga makofi, na Mustapha anapiga makofi huko nje bila kuona chochote. Kabula, machozi yakimtoka kwa ule ubaridi, anacheka naye. Ni mara chache mtu kuumwa jino na chumba kizima kikafurahi.

Mama Manyanda ndiye pekee asiyecheka. Anachungulia kinywani, kisha kwenye bakuli. Maji ni meupe vilevile.

"Wako wapi?"

"Hawapo, mama. Hawakuwahi kuwepo."

"Yaya!" anakataa. "Mimi nimewaona kwa macho. Tunachoma mbegu za tunguja, mtu anavuta moshi, wanadondoka kwenye maji. Weupe."

"Hivyo vyeupe ni viini vya mbegu. Choma mbegu bila mgonjwa, vitadondoka vilevile."

Mama huyo analitingisha bakuli na kuchungulia tena. Romana anamalizia kukwangua, anachanganya sementi mpya, anajaza, anakandamiza kwa kidole na kusubiri. Kisha anampa Kabula maneno ambayo huwapa wote, maana hataki mtu aondoke akidhani amepewa jino jipya. "Nimekupa miaka, na sijui mingapi. Sementi inalika kama kisigino cha ndala. Ikilika, njoo mapema. Hili si jino la kupasulia muwa wala mfupa."

"Na michembe?"

"Kuanzia kesho. Uiloweke kwanza."

Kabula anashuka kitini. Na hapo, bila kuambiwa, Mama Manyanda anakaa, anafungua kitambaa chake na kufungua mdomo.

"Na mimi niwekee hiyo sementi," anasema.

Romana anauliza swali lake. Linauma lenyewe, au linauma ukila?

"Lenyewe! Usiku kucha!" anajibu mama huyo kwa fahari, kama anayetaja sifa ya kustahili. Romana anachungulia. Ukuta wa ndani umekwisha anguka, na fizi chini yake imevimba. Makopo ya sementi yako mezani, mama mkwe amekubali mwenyewe kuzibwa, na ukoo mzima wenye mashaka ungeshawishika leo kwa kidole kimoja cha kukandamiza. Mustapha amesogea dirishani. Ameacha kucheka.

"Hili siwezi, mama," anasema Romana. "Nikiliziba, utarudi na shavu kama andazi. Ungekuja mwezi wa nne, lilipoanza, labda. Sasa ni la kung'oa."

"Hata kwa sementi nyingi?"

"Hata ningekuwa na mfuko mzima."

Mama Manyanda anafikiri. "Ng'oa," anasema. "Lakini uliweke humu."

Sindano ya ganzi inachomwa, koleo linafanya kazi yake, na jino linaangukia bakulini kwa mlio mdogo. Akiwa ameuma pamba, mama huyo analitafuta jibu mwenyewe: analigeuza jino kwa kijiti, analichokoa tundu lake na kulitazama kwa jua la dirishani, upande huu na ule. Hakuna kinachotambaa.

Romana anamweleza mwandishi mpango wake akiwa ananawa mikono. Ana kopo moja na nusu la sementi. Julai, njia ikiwa kavu, anataka kupanda lori na vijiko vyake, aweke kiti chini ya dirisha lolote la Usevya, ayawahi matundu yakiwa bado yanauma kwa maji ya baridi. Anachohofia ni kukaa huko wiki nzima bila mtu.

"Watakuja," anasema Mama Manyanda kwa kinywa kilichojaa pamba. "Nitawaambia njooni muone wadudu. Wakija kuona wadudu, wewe shika meno yao."

Anatoa jino lake bakulini, analifunga kwenye pindo la kitenge, anamwaga maji nje na kulifuta bakuli. Kisha analirudisha mezani.

"Hili ubaki nalo. Julai uje nalo. Huko hawataamini jingine, hili wanalijua."

Lori likipiga honi, Romana anachukua kikapu kilicho nyuma ya mlango. Julai bado wiki tatu, lakini anaanza kupanga, na cha kwanza kuingia ni bakuli.