Kompyuta Iliyoombewa

Juzi nilikuwa kwenye saiba moja Kinoo nikingoja kuchapishiwa barua. Mama mmoja aliketi kwenye kompyuta ili aingie kwenye akaunti yake ya benki, skrini ikamwonya kwamba mfumo wa uendeshaji wa kompyuta hiyo umezeeka na haulindwi tena. Akaondoa vidole haraka, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Bosi, hii haipati apdeti?"

"Madam, hizo ziliisha kitambo," akajibu mwenye saiba.

"Si unaweza kujiandikisha kwa waliotengeneza mfumo wakuongezee za usalama?"

"Zinimalizie bando bure?" Akagonga kibandiko kilichokuwa juu ya skrini: INALINDWA NA DAMU YA YESU. "Hii iliombewa na pasta mwenyewe. Wewe weka tu pasiwadi."

Mama alibeba mkoba akaenda zake.

Sina neno na damu hiyo, hata mimi nimebatizwa. Lakini mlangoni niliona kibandiko hicho hicho, na kando yake grili ya chuma na kufuli kubwa kama ngumi. Nikamuuliza mwenye saiba kama pasta hakufika hapo.

"Alifika," akasema, akinishangaa. "Lakini mlango unalinda vitu zangu. Hapo kwa kompyuta ni zenu."