Katambuga za Babu Mdomoni mwa Duara

Usiku ule tulilala ndani ya Hiace yetu, ile tuliyoing'oa viti tukatandika godoro, nje ya mji wa zamani wa dhahabu ambako babu, mzaa mama, alifukiwa ndani ya duara, shimo la kuchimbia, asitolewe tena. Mama anaumwa sana, naye anasema hatakufa kwa amani mpaka mifupa ya baba yake izikwe nyumbani. Mdogo wangu Sefu alikuwa ameshapatana na wachimbaji wamshushe alfajiri. Kila mtu pale alituambia lile duara ni bovu. Nililia, nikambembeleza, akanigeuzia mgongo akalala.

Sijui usingizi ulinichukua saa ngapi. Nilikuwa natembea katikati ya maduka ya kale yasiyo na mapaa, kisha niko jikoni kwa mama, na sakafu ya jiko ina shimo. Ukingoni zimepangwa katambuga za babu, zile za tairi alizoziacha siku ile, ambazo mama anazitunza uvunguni hadi leo. Ndivyo wachimbaji wafanyavyo: anayeshuka huacha viatu mdomoni mwa duara, ili walio juu wajue nani bado yuko chini. Asiye na viatu vya kuacha hashushwi.

Babu amesimama pekupeku, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Ananiita vilevile alivyokuwa akinitania utotoni.

"Mke wangu, mbona mnaniletea mgeni?"

Natazama chini. Kando ya katambuga zipo raba nyekundu za Sefu. Naikamata kamba inayoning'inia shimoni, navuta mpaka viganja vinachunika. Inakuja nyepesi, haina mtu. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

"Babu, nirudishie Sefu! Na mama je? Atakufa na kinyongo!"

"Mwambie mwanangu azike katambuga. Mimi niliwaachia hizo."

Nikashtuka, jasho linanitoka, viganja vinaniwaka. Nje kulikuwa kunapambazuka, na Sefu bado anakoroma. Nikazitwaa raba zake, nikazitupa vichakani kwa nguvu zangu zote, nikakaa kwenye usukani na kuwasha gari. Sikujua kama mama angekubali. Niliendesha huku nalia.

"Dada, tunaenda wapi?" Sefu aliuliza, anapapasa chini ya godoro. "Raba zangu ziko wapi?"

"Lala," nilimwambia. "Tunakwenda kumzika babu."